Mlowezi aliyepotea

Swali: Baba yake bibi yangu alikuwa mlowezi Mwingereza karibu na Nakuru, habari zake zilikatika miaka ya 1930. Nimtafute wapi?

Jibu: Anza na Gazeti Rasmi la Koloni la Kenya, kwenye matangazo ya mirathi: hutaja jina la marehemu na mahali alikofia, na kuwaita wanaomdai. Usiishie mwaka wa kifo. Mirathi huchelewa, hasa ya aliyefia ng'ambo. Tafuta jina la ukoo peke yake, kwani aliyeandikwa “J. W.” hatoki ukiandika “John”. Kisha pitia matangazo ya vizazi, ndoa na vifo katika gazeti la East African Standard. Tangazo likiomba linakiliwe na magazeti ya Afrika Kusini, basi huenda huko alikuwa na ndugu.