Titani haishindi kila chuma

Kaka, umeuliza kama shafti ya titani itakuwa imara kuliko ya chuma cha pua, na kama mashine yako ya kukereza itaiweza. Inategemea chuma kipi. Titani ya daraja la 5, yenye alumini 6% na vanadi 4%, hustahimili karibu MPa 880 (megapaskali, kipimo cha mkazo) kabla ya kupinda isirudi. Chuma laini cha dukani kama 250 tu. Lakini chuma cha aloi kilichopashwa moto kikazimwa kwenye oili kinaweza kupita 1,500. Titani inashinda kwa wepesi: gramu 4.4 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.85. Ila inanepa karibu mara mbili ya chuma, na kwa shafti ndefu hilo ni balaa.

Kwenye kukereza ndipo utakapolia. Joto haliondoki na chenga (vipande vinavyokatwa), linabaki kwenye ncha ya kisu mpaka inaungua. Shusha mwendo hadi mita 50 hivi kwa dakika, kisu cha kabaidi (kitu kigumu sana cha kukatia vyuma) kiwe kikali, maji ya kupozea yamwagike hasa, na kisu kisisugue bila kukata. Chenga nyembamba zikishika moto usimwagie maji. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.