Maswali na Majibu: Ndege ya Betri na Ndoto za Mombasa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ndege za umeme. Nimezichambua, za matusi nikazitupa, hizi ndizo zilizobaki.

Je, ndege ya betri inaweza kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikafika Mombasa bila kutua? (Wasomaji wa Rongai, Umoja, South B na wengine wasiohesabika)

Haiwezi. Nimeshajibu, najibu tena, na safari ijayo swali hili linaenda moja kwa moja kwenye pipa. Ndege ya umeme ya kwanza kupata cheti kamili ni Pipistrel Velis Electro ya Slovenia, iliyoidhinishwa Juni 2020 na EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Ina viti viwili. Watengenezaji wenyewe wanasema inakaa angani hadi dakika 50, ukiiacha akiba ya chaji. Mwendo wake ni kama kilomita 165 kwa saa, kwa hiyo Emali utaiona, Makindu utaisikia tu. Na akiba haikuwekwa ili usogee mbele kidogo. Iko pale kwa siku ambayo Caravan, ile ndege ndogo ya kubeba watalii, imepasukiwa tairi katikati ya njia ya kurukia, nawe uko juu unazunguka. Anayeihesabu akiba kama sehemu ya safari asipewe ufunguo wa ndege yoyote, ya betri wala ya mafuta.

Si waongeze betri tu? (Donholm)

Betri ina uzito, ndugu yangu. Kilo moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 12 za stima. Hata injini ikipoteza robo tatu kwa joto, zinabaki tatu za kuzungusha propela. Kilo moja ya betri ya ndege, ukijumlisha kasha, nyaya na maji ya kuipooza, haifikishi hata robo ya uniti. Velis imebeba betri mbili za kama kilo 70 kila moja, na uzito wake wote wa kuruka hauruhusiwi kuzidi kilo 600. Watu na mizigo wanaachiwa kilo 172. Mwalimu mpenda nyama choma akishaketi na mwanafunzi wake, begi linabaki chini. Ukiongeza betri ya tatu, nani ashuke? Tena tangi la mafuta hupungua uzito kadiri unavyokwenda, lakini betri tupu inatua na kilo zile zile ilizopaa nazo.

Paneli za sola juu ya mabawa je? Jua letu ni kali. (Kitengela)

Mabawa ya Velis yana eneo la mita 9.5 za mraba. Kwa jua la saa sita na paneli nzuri, utapata kilowati mbili. Ndege inataka 20 na ushei ikiwa imetulia angani. Solar Impulse 2 iliizunguka dunia kwa jua kati ya 2015 na 2016, ni kweli, ila ilikuwa na mabawa ya mita 72 kutoka ncha hadi ncha, rubani mmoja, na mwendo ambao matatu ya Thika Road ingeupita huku kondakta amening'inia mlangoni.

Najifunza urubani. Mwalimu anasema Nairobi iko juu mno, injini inachoka. Mota ya umeme nayo inachoka? (Lang'ata)

Hatimaye swali la mtu aliyefungua kitabu! Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Injini ya Cessna ya shule huvuta hewa, na hewa yetu ni nyepesi. Ukihesabu asilimia 3 kwa kila futi elfu, imepoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu kabla hujaachia breki. Mota haivuti hewa, kwa hiyo nguvu inayotoa Malindi ndiyo itakayotoa Wilson. Lakini usivimbe kichwa. Mabawa na propela bado vinaitegemea hewa hiyo hiyo nyepesi, mbio za kupaa bado ni ndefu, na saa nane mchana wa Januari zinarefuka zaidi.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Nenda Wilson asubuhi utazame foleni. Caravan za kwenda Maasai Mara zimepangana, na nyuma yao kuna kandege ka shule: propela inazunguka, sindano ya joto la oili inapanda, mwanafunzi anaitupia jicho saa maana analipa kwa muda, na mnara unasema subiri. Avgasi, yaani petroli ya ndege, inaungua bure. Avgasi hiyo bado ina madini ya risasi, ile ile tuliyoiondoa kwenye petroli ya magari kufikia 2006, na majirani wanaoivuta ni watu wa Kibera na Lang'ata. Ndege ya betri ikiambiwa isubiri, propela inasimama kimya. Saa nyingi za mwanzo za leseni ni kupaa, kuzunguka kiwanja, kutua na kupaa tena. Kazi hiyo inatosha kabisa ndani ya dakika 50. Ndiyo kazi ya ndege ya betri leo, hakuna mji unaoihitaji kuliko huu, na nyinyi mnaniuliza habari za Pwani.

Stima yenyewe ni ghali. Kutakuwa na nafuu? (Ruaka)

Kwenye chaji, ndiyo, nafuu kubwa. Kujaza Velis ni uniti 20 na kitu, piga hesabu kwa bei ya tokeni yako. Gharama imejificha kwenye betri, ambayo huzeeka na kubadilishwa kwa pesa nzito. Pia kuchaji hula saa nzima na zaidi, kwa hiyo shule yenye ndege moja haiwezi kufundisha mfululizo. Shule ikikutangazia ada ya umeme, uliza ni nani anayelipia betri mpya. Wakianza kukohoa, ondoka.

Nina betri za bodaboda za umeme, nataka kuunda ndege yangu. (Kariobangi)

Usithubutu. Bodaboda ikishika moto unaruka ukakimbia.

Kuna watu wanachukua amana za teksi za kuruka kutoka mjini hadi uwanja wa JKIA. Nilipe? (Kilimani)

Lilium ya Ujerumani, iliyokuwa ikiunda teksi kama hizo, ilikuwa na wahandisi, wawekezaji na pesa ambazo jamaa zako hawajawahi kuziona, na bado iliomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2024. Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ni ndege ipi wameikubali ibebe abiria. Sihitaji kukuambia utakachojibiwa.

Caravan za Mara zitakuwa za umeme lini? (Karen)

Mei 2020, Moses Lake, Marekani, Caravan iliyofungwa mota ya magniX iliruka kwa dakika 30. Lilikuwa jaribio, halikuwa na mtalii hata mmoja. Kutoka Wilson hadi Mara ni kama dakika 45, ndege imejaa. Na ukifika, chaja utaifunga wapi, kwenye jenereta ya dizeli ya kambi? Naona ndege za mseto, injini ya mafuta ikisaidiwa na mota, zikitangulia. Kwa sasa kata tiketi ya ile inayonguruma, na begi lisizidi kilo 15.