Akishapandikizwa figo, wasiwasi utaisha?

Dadangu wa Malindi, umeuliza kama mumeo akishapandikizwa figo mtapata kulala usingizi. Mtalala, lakini wasiwasi hauondoki wote. Nimepitia kusubiri na nimepitia baada yake, na huo wa baada unabebeka zaidi.

Wakati wa kusubiri, masaa manne ya mashine ya kusafisha damu niliyazoea. Kilichonitesa ni kutojua. Kaka yangu alijitolea, makundi ya damu yakaoana, nyumbani wakashangilia. Kumbe bado kuna kipimo cha tishu, kuna kuchanganya damu yake na yangu kuona kama kinga yangu itaishambulia figo yake, na yeye mwenyewe kupimwa figo, moyo, sukari na presha. Hatua yoyote hapo yaweza kumtoa. Nakusihi, msimtangazie ukoo mapema. Mtoaji akishapongezwa na watu, kisha vipimo vimkatae, atajiona amewaangusha. Na akitaka kughairi, hatakuwa na pa kupitia.

Na kwa joto letu hili, kiu, nawe uko kwenye mashine na maji unayanywa kwa kipimo! Mgeni anakuja na dafu akidhani anamsaidia mgonjwa. Dafu lina potasiamu nyingi, figo zilizokufa haziwezi kuitoa, na ikizidi moyo waweza kusimama. Mama alikuwa akinivunjia barafu vipande vidogo, navimumunya kimoja kimoja badala ya kunywa glasi nzima.

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile za zamani kwa kawaida huachwa. Miezi ya mwanzo kila nikiamka mkono ulikwenda pale, napapasa kama pamevimba. Dawa za kuzuia mwili usiikatae, takrolimasi na nyenginezo, ni za maisha, kwa saa zilezile. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi asimeze dozi ya asubuhi mpaka atolewe damu. Balungi asiliguse, hupandisha dawa damuni.

Halafu mnangoja majibu ya kriatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi. Ikipanda, nyumba nzima hunyamaza. Yaweza kuwa mwili unaikataa figo, yaweza kuwa hakunywa maji ya kutosha, au dawa yenyewe imezidi. Msikisie, wala msimpunguzie dawa wenyewe. Kriatinini ikipanda, homa, mkojo kupungua, au maumivu pale penye figo: pigeni simu kliniki siku hiyohiyo.

Figo ya mtoaji aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20. Nyingine huzidi, nyingine hufa mapema. Hakuna daktari atakayewaambia yenu ni ipi. Mimi nilikataa kukaa nikiingojea ife: nilifungua tena duka, nikaoa. Nanyi kama mna binti wa kuozesha au chumba cha kumalizia, endeleeni nacho hata sasa yuko kwenye mashine. Ila saumu ya Ramadhani msiiamue kwa maneno ya jirani. Muulizeni daktari wake mapema, kwani kuna saa za dawa na kuna maji.