Shangazi, mume wangu anampakia mtoto kwenye tangi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mbagala, nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Mume wangu amenunua pikipiki na kila asubuhi anawapeleka shule: mdogo kwenye tangi, mkubwa nyuma, kofia anavaa yeye peke yake. Nikisema, naambiwa najidai, mbona mtaa mzima wanapakia watoto. Mama mkwe anamuunga mkono. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Hujidai. Wala mimi si malaika: nimeshapanda mshikaki wa watu wanne nikitoka msibani, mjukuu kifuani, kanga nimeikusanya mapajani isije ikanaswa na cheni. Tulifika salama. Na huko kufika salama ndiko kunakomdanganya mumeo.

Mwangalie huyo wa kwenye tangi. Breki ikikamatwa ghafla, yeye ndiye anayeufikia usukani kwanza, na uzito wote wa baba unamjia mgongoni. Mchana ni balaa zaidi, maana mtoto wa miaka 4 aliyechoka akipigwa na upepo anasinzia, na aliyesinzia hashiki kitu. Wa nyuma je, miguu inafika pa kukanyagia? Kama inaning'inia, kigimbi kiko jirani na ekzosi.

Kanuni za bodaboda Tanzania zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Mumeo atasema yeye si bodaboda. Sawa, lakini lami haiulizi leseni ya biashara.

Sasa, usimvae mlangoni saa kumi na mbili asubuhi watoto wakisikia. Subiri usiku, ameshakula. Usimwite mzembe. Muulize swali moja tu: "Baba Fulani, kofia unavaa kwa nini?" Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi, lakini nyamaza, ajijibu mwenyewe.

Mdogo asipande kabisa, hapo usilegeze. Kama chekechea iko karibu, aende kwa miguu na mtu mzima. Mkubwa aende na wenzake kwa daladala, nauli ya mwanafunzi ni nafuu, ingawa makonda wa mjini humu wakiona sare wanageuka viziwi. Siku ikishindikana kabisa, apande mkubwa peke yake, miguu ikiwa inafika, na kofia ya saizi yake. Ya mtu mzima inamzunguka kichwani kama sufuria. Wapite njia za ndani, Barabara ya Kilwa wawaachie malori.

Mama mkwe usibishane naye. Mwombe yeye ndiye awe anamsindikiza mdogo. Bibi akiombwa mjukuu hakatai, na akishaanza kuzoea kumshika mkono kila asubuhi, hatakuwa na hamu ya kumwona juu ya tangi.

Halafu kuna jambo hukuliandika, nami nauliza tu: Jumapili mkitoka kutembea, nyote wanne mnapanda nini?