Fundi akikuuliza ukubwa wa chumba tu, mwongezee habari ya mzigo

Fundi aliyenifungia mashine ya kwanza ya chumba changu cha baridi cha mboga aliniuliza swali moja: chumba kina ukubwa gani? Nikamjibu mita 4 kwa 3, kimo mita 2 na nusu. Akaleta mashine ya kilowati 3 za ubaridi, akaiwasha, jioni kipimajoto kikasoma nyuzi 4. Tukapeana mikono. Chumba kilikuwa kitupu.

Wiki hiyo hiyo zikashuka tani 2 za kabeji na karoti kutoka Lushoto, mchana, Februari ya Tanga mnayoijua. Mzigo ulikuwa na nyuzi 28. Asubuhi yake mashine haijapumzika hata dakika, kipimajoto kinasoma 15, na kabeji niliyoipasua kutoka katikati ya rundo ina uvuguvugu. Nyingi ziliishia soko la Mgandini kwa bei ya kutupa.

Tulichokosea ni kupima kuta na kusahau kilichomo ndani. Kwa paneli za povu za milimita 100, joto linalopenya kwenye kuta, dari na sakafu ya chumba kile halifiki hata kilowati moja. Nilipohesabu nilipata kama 0.4, yaani uniti 9 na kitu kwa siku (uniti hapa ni kipimo cha joto: kilowati moja kwa saa moja). Sasa tazama mzigo. Kilo moja ya mboga inahitaji kuondolewa kama kilojuli 3.9 ili ishuke nyuzi moja. Kilo 2,000, mara 3.9, mara nyuzi 24 (kutoka 28 hadi 4), ni kilojuli 187,200. Gawanya kwa 3,600: uniti 52. Kuta 9, mzigo 52!

Ongeza uniti 5 hivi za joto la mboga zenyewe kupumua, kwani zimevunwa lakini bado zi hai, na kadiri zilivyo na joto ndivyo zinavyopumua kwa kasi. Mlango, feni, taa na wapakiaji niliwawekea 14. Jumla 80. Mashine ya kilowati 3 hata ikikesha saa 24 inatoa 72. Isingeweza, na fundi angejua kama angeuliza.

Mashine haitakiwi kufanya kazi saa 24, maana lazima ipate muda wa kuyeyusha barafu inayoganda kwenye bomba zake. Mimi nahesabu saa 16. Chukua 80, ongeza asilimia 10 ya tahadhari, gawanya kwa 16: kilowati 5.5. Hizo ni kilowati za ubaridi, si za umeme, na ukitajiwa nguvu farasi usikubali haraka. Kompresa ile ile hutoa ubaridi pungufu nje kukiwa na joto kali, pungufu zaidi ukitaka chumba kiwe baridi sana. Omba karatasi ya kiwanda, tafuta namba ya ubaridi inaotoa nje kukiwa na nyuzi 35.

Halafu kuna kitengo cha ndani chenye feni. Changu cha kwanza kilikuwa kidogo, hivyo bomba zake zililazimika kuwa baridi mno kuliko hewa ya chumba. Unyevu wote ukaganda juu yake, karoti zikanyauka kama vidole vya mfuaji. Mboga hizi zinataka unyevu wa hewa wa zaidi ya asilimia 90, basi dai kitengo kikubwa, tofauti ya bomba na hewa isizidi nyuzi 5 au 6. Hapa ndipo mafundi wengi hubana gharama.

Kilichoniokoa zaidi, hata hivyo, ni dereva. Sasa karoti zinavunwa alfajiri, zinakaa kivulini, lori linatoka mlimani usiku. Zikifika na nyuzi 20 badala ya 28, uniti 17 zimeshaondoka bure, theluthi ya ule mzigo wa 52. Makreti nayapanga kwa nafasi ili upepo upite, na kabla ya magharibi chumba kimetulia.

Nyanya siziingizi humo kabisa. Zinataka nyuzi 12 au 13, na gesi ya nyanya (ethilini) inatia karoti uchungu.