Darubini ya usiku na jicho la baba

SWALI

Mhariri, salaam. Nimestaafu juzi, na wanangu wamenichangia darubini ya kuonea usiku, ile ya jicho moja. Kwa mambo haya mimi ni mgeni kabisa, ila usiku wa baharini naujua tangu utotoni. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi na wavu, na siku za giza, mwezi usipokuwapo, alinichukua kwenye mtumbwi. Taa hakuitaka. Nikiwasha tochi kutafuta ndoana, alifunika jicho la kulia kwa kiganja mpaka niizime, kisha ndiyo anikemee. Halafu hukaa omo kimya, anatazama maji yanavyowaka, ananiambia: “Wanakwenda kushoto. Mkubwa yuko nyuma.” Mimi naona cheche tu.

Wiki iliyopita nilirudi ufukweni na darubini. Juu nyota zilijaa mpaka nikashtuka. Nikaishusha kwenye maji: meusi kama lami, hata nilipowasha taa yake ya infraredi, ile ya mwanga usioonekana kwa macho matupu. Nilipoitoa jichoni, upande ule sikuona hata mguu wangu. Je, nimepewa kifaa kibovu? Na baba alifunika jicho kwa nini?

Mwana wa Mvuvi

JIBU

Mwana wa Mvuvi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Darubini yako ni nzima. Kifaa kilichokuonyesha nyota namna hiyo hakina ugonjwa.

Nianze na taa ya infraredi, maana ndiyo inayowadanganya wageni wengi. Mtu anadhani ni tochi ya siri itakayomulika mpaka chini kwenye mchanga. Wapi! Maji hunywa miale hiyo upesi sana, na ile inayogonga juu ya maji yaliyotulia hurushwa mbele kama kwenye kioo, hairudi kwako. Kwa hiyo unapata lami. Kukiwa na ukungu au mvuke wa mawimbi ni vibaya zaidi: taa hugonga vile vitone, ukaona pazia jeupe mbele ya pua. Baharini mimi huizima.

Ule mng'ao wa baba yako ni habari nyingine. Ni viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na huwaka wakisukwasukwa tu: kasia likipita, samaki akikata maji. Maji yakitulia hawawaki, na usiku mwingine hawapo wengi. Tena mwanga wao ni wa buluu, na tyubu nyingi za darubini hizi, yaani kile kiini cha ndani kinachokuza mwanga, zina nguvu zaidi upande wa wekundu na infraredi kuliko upande wa buluu. Hata hivyo kazi hiyo inawezekana. Karibu na mwaka 1970 watafiti wa uvuvi wa Marekani walipanda ndege usiku juu ya Ghuba ya Mexico na kifaa cha kukuza mwanga hafifu, wakayaona makundi ya samaki kwa mng'ao huohuo. Walikuwa wakifanya cha baba yako, ila wao wako angani na yeye yuko omo.

Halafu nakushuku jambo moja. Ulianza na nyota, sivyo? Basi lenzi ya mbele uliiacha kwenye fokasi ya mbali kabisa, ukashusha darubini kutazama maji yaliyo hatua chache kutoka miguuni. Cheche ndogo ikikosa fokasi hutawanyika, haionekani. Zipo pete mbili: ya nyuma ni ya jicho lako, unairekebisha mara moja tu mpaka chembechembe za kwenye skrini zionekane kali, ya mbele ni ya umbali, na hiyo utaizungusha usiku kucha. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilizichanganya, nikawa nalaumu betri.

Sasa kiganja cha baba. Ndani ya jicho kuna chembe za kuonea gizani, na zinafanya kazi kwa rangi maalumu ambayo mwanga mkali huivunja. Kuirudisha yote huchukua nusu saa hivi ya giza, wakati mwingine zaidi. Kila jicho hujizoesha kivyake. Tochi yako ilipowaka, baba alitoa sadaka jicho la kushoto akaliokoa la kulia. Ukizima, yeye bado anaona maji, wewe uko kwenye giza la tochi yako mwenyewe. Ndiyo maana ulikemewa, na kwa haki!

Skrini ya darubini ni tochi nyingine ndogo iliyobandikwa jichoni. Mguu uliokupotea ulipotezwa na hiyo. Basi itumie kwa jicho la kushoto, punguza mwanga wake ikiwa ina kirekebishi, na la kulia liache wazi lizoee giza.

Ukitaka kupanda chombo, kuna onyo moja. Darubini hizi huonyesha kila kitu kwa rangi moja. Vyombo usiku huwa na taa nyekundu kushoto na kijani kulia, nawe kwenye skrini utaziona zote sawa, usijue kinakuja au kinapita. Tena taa ya mbali huvimba ukadhani iko karibu. Chombo kikitokea, shusha darubini utazame kwa macho. Na kwa kuwa ni ya jicho moja, umbali wa karibu hukupiga chenga pia: nimewahi kukanyaga maji nikidhani nakanyaga ngazi ya gati, viatu na heshima vikalowa pamoja.

Siku za giza zikirudi, nenda ukae nusu saa bila taa yoyote. Zima infraredi, weka fokasi ya karibu, tupa konzi ya mchanga majini. Tazama kwanza kwa jicho la kulia, na usitazame cheche yenyewe, tazama pembeni yake kidogo, kwani katikati kabisa ya jicho chembe za gizani hazimo. Kisha ndiyo darubini. Na ukifika mahali pa kujua mkubwa yuko nyuma, niandikie namna ulivyojua, kwa sababu mimi bado naona cheche tu.