Mama ana picha moja ya 1969, mimi nimepoteza elfu mbili za mwanangu

Mdau kauliza kama kuna haja ya kusafisha picha za watoto kwenye karatasi siku hizi wakati simu ipo. Ndugu yangu haja ipo tena kubwa, ngoja nikwambie yaliyonikuta.

Mama yangu ana picha moja tu ya utotoni. Moja. Alipigwa studio Kariakoo, Idi ya mwaka 1969, nyeusi na nyeupe, kasimama pembeni ya stuli yenye maua ya plastiki, kakaza macho hatari, na mkononi ana saa kubwa ya kiume imeteleza mpaka karibu na kiwiko. Saa ilikuwa ya mpiga picha, enzi hizo studio wana koti, tai, miwani, unaazimwa unapiga picha unarudisha. Nyuma babu kaandika "Ukumbusho, Idi 1969" na jina la mama. Mpaka leo ukimshikisha ile picha anaanza kusimulia gauni alishona nani na walitembea kwa miguu kutoka wapi.

Sisi wa miaka ya tisini tukapata za rangi. Mjomba alikuwa na kamera ya mkanda wa picha 36, akitoka kupiga harusi zikabaki tatu nne ndo anatumalizia sisi pale uani, na ole wako ufumbe macho maana hakuna kurudia, halafu mtu akifungua kamera kabla mkanda haujarudishwa, umeungua. Mafuriko ya Desemba 2011 yakatukuta Jangwani, albamu ikalowa, nikajaribu kuchomoa picha sura zikabaki kwenye nailoni. Nililia. Ila negativu, yaani ile mikanda yenyewe iliyopigiwa picha, mjomba alizitunza kwake Temeke kwenye kopo la maziwa, tukasafisha upya, karibu nusu zikarudi.

Sasa mwanangu. Toka anazaliwa mpaka miaka miwili nilimpiga zaidi ya elfu mbili, anakula, analala, ananuna, zote kwenye simu, na simu ikakwapuliwa dirishani nikiwa kwenye daladala. Nimebaki na nilizomrushia mama WhatsApp, nazo zimeminywa, ukizikuza unaona ukungu tu. Siku aliyosimama dede sina. Hakuna kopo la kwenda kufungua Temeke.

Kwa hiyo mdau, washa bakapu leo leo, picha zijihifadhi na mtandaoni. Picha nzuri ikiwa kwa ndugu mwambie akutumie kama dokyumenti isiminywe. Kila sikukuu chagua chache kasafishe za saizi ya postikadi, nyuma andika jina na mwaka kwa penseli laini, peni kwenye karatasi za siku hizi haikauki vizuri, inahamia kwenye picha inayolaliwa.

Mimi Idi iliyopita nilisafisha kumi. Mwanangu ana miaka mitano sasa, tukawa tunazipanga mkekani na bibi yake, akaiokota ile ya 1969 akauliza, "Bibi, saa ya nani hii?" Mama akaanza tena upya, na safari hii akataja mtaa ambao mimi sijawahi kumsikia akiutaja.